Tembe 26

Usiku Omena alipoanguka mara ya kwanza, nilidhani nimemuua mimi. Dakika chache kabla nilikuwa nimemrushia kipande cha kuku, na nilipomwona amelala ubavu, amekakamaa, shingo imevutwa nyuma na miguu minne inapiga sakafu kama anayekimbia mahali nisipopaona, nikafikiri ni mfupa umemkaba. Nikaingiza vidole mdomoni. Nilipata meno. Alama mbili ziko bado kwenye kidole changu cha shahada. Nje, mvua ya Kakamega ilikuwa inapiga mabati vile hupiga jioni za Aprili, ile mvua ambayo ukitaka kuomba jirani chumvi lazima upige kelele, kwa hivyo hakuna aliyenisikia nikilia.

Labda ilichukua dakika mbili. Povu, mkojo, kisha kimya. Akainuka, akatembea hadi ukutani akaugonga kwa kichwa, akageuka, akagonga kiti. Macho yalikuwa wazi lakini mwenyewe hakuwemo.

Asubuhi ploti nzima ilijua. "Hicho ni kichaa," alisema jirani wa chumba cha nne. "Mbwa akitoa povu unangoja nini tena?" Mwangalizi wa ploti alikuja na kamba, na hakuwa amekuja kumfunga ndio amtembeze. Siwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara mwisho ni kaburi, na serikali ya Kenya yenyewe imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo kufikia 2030 kwa sababu watu bado wanakufa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nikaenda kuanza chanjo, ingawa kadi ya Omena ilionyesha amechanjwa. Woga wa majirani ulikuwa na akili. Nilichoomba ni muda tu.

Daktari wa mifugo alifika saa tano, gambuti zikiwa na matope ya boma la mtu. Hapa kwetu tunamwita daktari wa ng'ombe, na si utani. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, kutibu ndigana, kuchanja kuku wasimalizwe na kideri. Alipoona mgonjwa wake ni kilo 6 za manyoya meupe kwenye beseni la nguo, alinitazama kidogo. Kisha akachuchumaa, akamshika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, na nikamwamini kuanzia hapo.

"Mbwa wa kichaa anaenda mbele tu," aliniambia, kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha nne. "Kila siku mbaya kuliko jana, na kwa kawaida hamalizi siku 10. Huyu ameanguka, ameamka, amekula. Mfungie ndani, asiguswe ovyo. Siku 10 zikiisha na yuko hai, tutaongea habari ya kifafa."

Siku 10 ziliisha. Siku ya 19 akaanguka tena. Tukaongea habari ya kifafa.

*

Omena hakuwa mbwa wangu hasa. Alikuwa wa mama mmoja wa Milimani aliyehamishwa kikazi, mchanganyiko wa spitz na chochote kile barabara ilichoongeza. Nilikubali kukaa naye "wiki mbili hivi". Wiki ya kwanza alikataa ugali mpaka niuchanganye na omena, na jina likatoka hapo. Mwenyewe hakurudi kumchukua. Nilikuwa na miaka 25, chumba kimoja Amalemba, na digrii niliyoiacha mwaka wa tatu karo ilipokataa kutimia. Senje, shangazi yangu kwa upande wa baba, huuliza kila krismasi kama nitazaa ama mbwa ndiye mtoto.

Dawa yake ni fenobabitoni. Ni dawa ya zamani. Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake kama dawa ya usingizi, akaona kwamba pia wanaanguka mara chache zaidi. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bado ndiyo madaktari wa mifugo huanza nayo kwa mbwa wa kifafa. Haina ya mbwa na ya mtu. Tembe ni ileile, miligramu 30, nyeupe, ndogo kuliko punje ya hindi. Omena hula nusu saa moja asubuhi na nusu saa moja jioni. Saa moja, si saa mbili. Ukichelewa, kichwa chake kinajua kabla yako. Na ukiikata ghafla, degedege zinarudi kwa nguvu kuliko zilivyokuwa mwanzo. Daktari alinirudishia hilo mara tatu.

Kwa hivyo maisha yangu yakapata kengele mbili. Sijalala nje ya mji bila kupanga nani atampa. Wiki za kwanza alitembea kama mlevi wa kutoka Lubao, akanywa maji kama ng'ombe, akakojoa kila mahali, na njaa yake ikawa ya kutisha. Alikula sabuni. Kisha mwili ukazoea. Badala ya kuanguka kila wiki mbili tatu, ikawa mara moja kwa miezi miwili. Nilijifunza kutoweka kitu mdomoni, kusogeza meza, kuangalia saa. Ikipita dakika 5, hiyo ni dharura. Haponi. Hilo pia nilijifunza. Kuna kazi ambazo ukizifanya vizuri kabisa, zawadi yako ni kuzifanya tena kesho.

*

Agosti nilienda kwa Senje, upande wa Shinyalu. Unashuka Khayega, unachukua boda, unafika umejaa vumbi ama umejaa matope, katikati hakuna. Tulikuwa tumeketi kwenye giza la jioni, chakula kinakuja, simu yangu ikalia.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ya kunikumbusha, Senje. Nimpigie mtoto wa jirani ampe Omena dawa."

"Mbwa ana ugonjwa gani?"

Nikasema. Sikufikiria. Ningefikiria ningesema minyoo.

Senje aliweka sufuria chini. Hakuinua sauti. "Dawa ya kifafa," alisema. "Ya mbwa." Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni, ile nyumba ndogo ya udongo nyuma, na mimi pia nikageuza, kwa sababu huko ndiko alikokuwa amekaa Baba Mdogo na sahani yake.

Sahani yake. Ilikuwa na alama ya rangi ya kucha chini, isichanganywe na zetu.

Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ana miaka 41. Alianza kuanguka akiwa darasa la sita. Akiwa na 19 aliangukia mafiga, ugali ukiwa juu ya moto, na vidole vitatu vya mkono wa kushoto viliungana vikapona hivyo. Aliwahi kupewa dawa. Dispensari ikaishiwa, akaanguka, watu wakasema dawa haifanyi kazi, ikaja maombi, ikaja miti shamba, ikaja kusahau. Tukiwa watoto tulifundishwa akianguka tukimbie, tusiguse povu, na akitoa hewa tusiivute, kwamba hapo ndipo ugonjwa unapotokea kuingia kwa mwingine. Si uongo wa kwetu peke yake. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wa Wapogoro wakiishi pembeni vilevile, wengine na makovu ya moto vilevile, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwashika wakianguka jikoni. Aliwapa fenobabitoni. Watu waliokuwa wakingojewa kufa walirudi shambani.

Nikiwa na miaka tisa niliona Baba Mdogo akianguka kando ya kisima. Nilikimbia. Nilikimbia vizuri, nilikuwa wa kwanza kufika nyumbani.

Usiku huo kwa Senje sikulala. Kwa mbwa niliyemjua miezi michache niliingiza vidole mdomoni. Kwa ndugu ya baba yangu nilikimbia, na kwa miaka 16 sikuwahi kurudi kuuliza. Kengele ya simu yangu ilikuwa imelia hatua 20 kutoka kwa mtu mwenye ugonjwa uleule, anayehitaji dawa ileile, na haikuwa inamlilia yeye.

Jumatatu nilimpeleka dispensari.

*

Sasa niseme kitu kisichonipendeza. Riziki yangu kwa miaka hiyo yote ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Wengi wa rika langu mnaijua kazi hii: akaunti ya kukodi, dola chache kwa ukurasa, makataa ya saa sita usiku ya huko, ambayo hapa ni asubuhi. Kozi niliyoandikia zaidi ilikuwa maadili. Ndiyo. Niliwasaidia watu kudanganya katika somo la kutodanganya, na niliwapatia A.

Kwa hivyo swali la wanyama nilikuwa nimelijibu mara nyingi, kwa pande zote mbili, kulingana na mteja. Jeremy Bentham, 1789: usiulize kama mnyama anafikiri au anaongea, uliza kama anaumia. Immanuel Kant: hatuna wajibu kwa mnyama mwenyewe, lakini anayemtendea mnyama ukatili anaufanya moyo wake mgumu, na kesho atawatendea watu hivyo. Kant huyohuyo aliwaambia wanafunzi wake kwamba mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu astahili kutunzwa uzeeni mpaka afe. Nilipenda hapo. Nilipaweka kwenye kila insha.

Na ukimsikiliza Kant kwa sikio la nyumbani, utasikia kitu tunachokijua: utu. Tunasema fulani hana utu akimpiga punda mjamzito. Hatusemi punda ana utu. Utu ni wa anayetenda. Kwa hivyo ningeweza kumjibu Senje kirahisi: ninamtunza mbwa ili nisipoteze utu wangu. Na angeweza kunijibu kirahisi zaidi: utu wako ulikuwa wapi miaka 16?

Hoja ya Senje ina jina fupi, watu kwanza. Nimeisikia kwenye matatu, kanisani, kwenye kemisti. Kijana mmoja foleni nyuma yangu alisema, "Manze, watu hawana Panadol na wewe unanunulia mbwa dawa." Nimeifikiria sana hoja hii kwa sababu nadhani ni ya kweli, na nadhani pia mara nyingi inasemwa na watu ambao hawajamnunulia mtu yeyote Panadol. Mimi nikiwa mmoja wao. Kabla ya Omena sikuwa nampa Baba Mdogo pesa ya dawa ya mbwa. Nilikuwa nampa sifuri, na hakuna aliyenilaumu kwa sababu sifuri haionekani. Nusu tembe mbili kwa siku ndizo zilizofanya ionekane.

Tena tusijifanye kwamba kumjali mnyama kupita hesabu ni jambo la Wazungu. Njoo Khayega ama Malinya siku ya kupiganisha mafahali. Fahali wa vita hawekwi kwa maziwa wala kwa nyama. Analishwa vizuri kuliko watoto wengine, anaimbiwa, anasindikizwa na isikuti kama bwana harusi. Marehemu mume wa Senje alikuwa na mmoja, na alipovunjika mguu, mzee alilala naye zizini siku nne. Kijiji hakikumcheka. Kwa hivyo haikuwa kwamba kwetu hatujui kumpenda mnyama. Tunajua kumpenda mwenye nguvu. Fahali akishinda, ukoo umeshinda. Omena hashindi kitu. Anaanguka, na hata asipoanguka anaweza kukojoa kwenye viatu vyako. Baba Mdogo naye hakuwa ameshinda kitu. Nilianza kuona kwamba mstari uliokuwa nyumbani kwetu haukupita kati ya watu na wanyama. Ulipita kati ya wanaotuletea sifa na wanaotuletea kazi.

Hayo niliyafikiria kwa starehe kabisa, kati ya Agosti na Machi. Dawa ilikuwepo. Baba Mdogo alikuwa anakula tembe tatu kila usiku, na miezi saba ikapita bila kuanguka. Senje alianza kumtuma dukani. Mafikara ya mtu mwenye dawa kabatini.

*

Jumatano moja ya Machi Senje alinipigia. Dispensari imeishiwa, na usiku uliopita Baba Mdogo amekula tembe za mwisho. Nikamwambia asijali, nikatoka kununua. Kemisti ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Dawa hii inadhibitiwa, si kila duka huiweka. Ya tatu waliniambia mzigo unakuja Alhamisi. Si kesho, ile ya wiki ijayo. Nikapiga simu Mumias, nikapiga Mbale. Mara hii pesa haikuwa hoja. Ningeweza kulipa. Hakukuwa na cha kulipia.

Nikarudi nyumbani nikafungua kopo la Omena, nikamwaga tembe kitandani, nikahesabu. 26.

Fanya hesabu nami. Usiku nane mpaka mzigo ufike. Baba Mdogo, tatu kila usiku: 24. Omena, moja kwa siku: 8. Jumla 32. Nilipungukiwa na tembe 6.

Nilimpigia daktari wa dispensari kumuuliza kama ni sawa kumpa zilezile. Akataka nimsomee maandishi ya kopo, tarehe na nguvu, akasema ni sawa. Nikamuuliza kama Baba Mdogo anaweza kupunguza, ale mbili badala ya tatu kwa siku sita. Akanyamaza kidogo. "Ukipunguza anaweza kuwa sawa," alisema. "Ama anaweza kuanguka. Na kwenu mnapikia mafiga."

Nikampigia daktari wa mifugo. "Usikate ghafla," akasema. "Punguza nusu, utafute haraka." Nikamwambia nimetafuta. Akasema atatafuta pia.

Wale wanafunzi wangu wa Marekani wangependa mfano huu. Waliletewa kila wakati ile treni yenye breki mbovu na watu watano relini, na walilalamika kwamba haifanani na maisha. Inafanana. Tofauti ni kwamba kwenye maisha treni inakuja polepole, kwa siku nane, na wewe unalala kitanda kimoja na aliye relini.

Ningeweza kugawa hatari. Kumpa Baba Mdogo 18, kubaki na 8, Omena asikose hata nusu. Kwa hesabu ya nambari hilo lina haki fulani: kila mmoja apate anachoweza. Lakini si hatari moja. Mmoja akianguka kuna moto, na kuna miezi saba ya heshima inayorudi jikoni pamoja naye. Kuna Senje atakayesema dawa haifanyi kazi, na safari hii sitaweza kumleta tena. Nilifunga 24 kwenye karatasi, nikawapelekea kwa boda kabla giza halijaingia. Nikabaki na mbili.

Nilizikata robo robo kwa wembe. Robo asubuhi, robo jioni, kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili. Jumatatu nikalamba kidole nikaokota vumbi la tembe chini ya kopo, nikampa. Alinitazama akingoja nusu yake. Kengele ilikuwa imelia, yeye anaijua kengele.

Jumanne saa kumi alfajiri akaanguka. Saa kumi na moja, tena. Ya tatu haikuisha. Nilishika simu nikaangalia dakika ya tano ikipita, ya saba, ya tisa, mwili wake ukiwa moto kama jiwe la mafiga. Nikamlowesha maji, daktari akaja kwa boda na sindano ya dayazepamu, akatafuta mshipa kwenye mguu mwembamba kuliko kidole changu. Ilipokoma tulikaa wote watatu sakafuni. Jirani wa chumba cha nne alileta chai. Hakusema kitu.

Omena hakufa. Kwa siku tatu hakunijua. Aligonga kuta, akaninusa kama mgeni, usiku alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Baadaye alinirudia, lakini jicho la kushoto halioni vizuri tangu hapo na ngazi mbili za mlangoni hupandishwa.

*

Hapa ndipo insha nilizouza zinaponifia mkononi.

Kwa sababu nilifanya sawa. Ningefanya tena. Sina shaka, na wewe msomaji nadhani huna. Mtu kwanza. Sasa, kama Kant ana haki, na kama utu ni kioo tu cha kujitazamia mimi, basi asubuhi ile ya Jumanne sikuwa na deni. Kioo changu kilikuwa safi. Nilikuwa nimechagua vizuri, kwa sababu nzuri, kwa moyo mzuri. Nilichopaswa kuhisi ni huzuni ya kawaida, kama mvua ya mawe ikiharibu mboga.

Sivyo nilivyohisi. Nilihisi nimemkosea mtu. Samahani, lugha inanilazimisha kusema mtu. Nilimkosea aliyekuwa amelala pale: si utu wangu, si sura yangu mbele ya majirani. Yeye. Yeye ndiye aliyelipa tembe 6 zilizopungua, na hakuulizwa, na hakuwa na namna ya kuulizwa. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1965 kwamba wajibu mbili zikigongana, ile uliyoiacha haifi kwa sababu nyingine imeshinda. Inabaki, na majuto yako si upumbavu. Niliwahi kumfupisha Williams kwa aya mbili, usiku, kwa mtu wa Ohio. Sikumwelewa mpaka nilipokuwa napangusa mkojo.

Kwa hivyo nikubali kwa Senje, na nimkatalie. Watu kwanza, ndiyo. Lakini kwanza maana yake kuna wa pili, na wa pili bado yuko kwenye foleni. Nadhani kosa letu ni kwamba tunapomtanguliza mmoja tunamfuta mwingine, ili tusibaki na deni. Tunasema "ni mbwa tu" baada ya uamuzi ili uamuzi usiume. Na nimeona "tu" hiyo ikitembea. Miaka 20 nyumbani kwetu walisema yule ni mgonjwa tu, kuna watoto wa kusomeshwa. Ilikuwa kweli kwamba kuna watoto wa kusomeshwa. Mmoja nilikuwa mimi. Nilisomeshwa kwa pesa ambayo haikununua dawa, nikaacha mwaka wa tatu. Hakuna aliyekosea hesabu. Lakini hakuna aliyewahi kwenda jikoni kumwambia: tumekutanguliza mwingine, na tunajua tuna deni lako.

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 wako kwenye nchi kama yetu, na kati ya 10 wenye ugonjwa, hata 7 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu. Kwa tembe ya 1912. Hakuna mbwa aliyezila hizo nyingine. Nimeangalia.

*

Mzigo ulikuja Alhamisi, kama walivyosema. Sasa hununua ya miezi miwili mbele, makopo mawili, moja lina jina la Baba Mdogo.

Mwezi uliofuata alikuja mjini, mara ya kwanza peke yake. Alishuka stendi akapiga simu kwa sauti kubwa kama watu wasiozoea simu. Alikuwa na karatasi ya gazeti mkononi imefungwa vizuri. Ndani, omena za shilingi 50.

"Nilisikia nilikula dawa yake," alisema. Akamtafuta mbwa kwa macho.

Omena akachagua jioni hiyo. Tulikuwa tunakunywa chai, akaanza kulamba hewa, akaanguka. Nikasogeza kiti, nikaangalia saa, na kama kawaida yangu nikaanza kumwita. Omena. Omena. Niko hapa. Omena.

"Usimwite," alisema Baba Mdogo.

Alikuwa amechuchumaa upande wa pili, mkono wake wa vidole vilivyoungana ukiwa kwenye goti. Nilitambua kwamba katika mwaka mzima nilikuwa nimeuliza daktari wawili, majirani, na intaneti yote, na sikuwa nimemuuliza yeye.

"Ukiwa unarudi," alisema, "unasikia sauti kabla hujajua ni jina. Watu wakikuita-ita unadhani kuna kitu kibaya kimetokea. Unataka kukimbia na miguu haijafika." Akanyamaza. "Na ile taa. Inaumiza."

Nikazima taa.

"Sasa ufanyaje?" nikamuuliza.

"Kaa tu. Ukiamka ukute mtu amekaa."

Tukakaa. Mvua ilikuwa inaanza, tone moja moja kwenye mabati. Baada ya muda nilisikia kucha zake kwenye sakafu, zikienda, zikigonga ukuta, zikirudi. Zilisimama karibu na Baba Mdogo. Yeye hakumgusa. Alisogeza beseni la maji kwa mguu, polepole, mpaka likamfikia.